Kazi Ihukumiwe, si Jina: Haki katika Mashindano ya Usanifu



Tunapozungumza juu ya haki katika matumizi ya fedha za umma, mara nyingi tunafikiria barabara zisizokamilika na zabuni zilizotolewa gizani. Leo tunawaalika mtazame jambo lisilosemwa sana, nalo ni shindano la usanifu.

Katika zabuni ya kawaida serikali hujua inachotaka. Ikihitaji madawati, huuliza nani atayaleta kwa bei nafuu. Lakini zipo nyakati ambapo serikali yenyewe haijui: soko jipya lipangweje, mnara wa kumbukumbu uwe na sura gani. Hapo huomba mawazo. Wasanifu huchora, jopo la waamuzi huchagua, na mshindi hupewa tuzo. Nchini Kenya, Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2015 inalitaja shindano la usanifu miongoni mwa njia halali za ununuzi, na kifungu cha 227 cha Katiba ya mwaka 2010 kinadai kwamba ununuzi wote wa umma uwe wa haki, wa usawa, wa uwazi, wa ushindani na wenye kujali gharama.

Hatari iko wapi? Uzuri wa mchoro haupimwi kwa futi wala kwa mizani; kwa hiyo upendeleo hupata pa kujificha. Mwamuzi akijua kwamba mchoro huu ni wa mtoto wa mkubwa, na ule ni wa kijana asiye na mtu, je, macho yake yatabaki sawa? Tena, wazo halina kufuli. Gunia la mahindi likiibwa, ghala hubaki tupu na kila mtu huona. Wazo likiibwa, mwenyewe hubaki nalo kichwani, huku mwingine akila matunda yake.

Dawa ya kwanza ni kuficha majina. Mwaka 1981, huko Washington nchini Marekani, chama cha wanajeshi waliopigana Vietnam kiliendesha shindano la mnara wa kumbukumbu ya wenzao. Ingawa mwendeshaji hakuwa serikali, mnara ulijengwa juu ya ardhi ya umma, na funzo lake latuhusu. Michoro 1,421 ililetwa, kila mmoja ukitambulishwa kwa namba tu. Waamuzi wanane walikubaliana kwa kauli moja juu ya namba 1026. Jina lilipofunuliwa, mshindi alikuwa Maya Lin, mwanafunzi wa chuo kikuu mwenye umri wa miaka 21, binti wa wahamiaji kutoka China. Baadaye wapo waliompinga, wengine kwa sababu ya asili yake. Yatupasa kujiuliza: kama jina lake lingejulikana tangu mwanzo, angeshinda? Ukuta wake ulizinduliwa mwaka 1982, na leo una majina zaidi ya 58,000 ya waliokufa na waliopotea vitani.

Umoja wa Ulaya uliiweka hekima hiyo katika maagizo yake ya ununuzi wa umma ya mwaka 2014. Waamuzi wasiwe na uhusiano na washindani. Ikiwa washindani wanatakiwa kuwa na taaluma fulani, angalau theluthi moja ya waamuzi wawe nayo. Majina yafichwe mpaka jopo litoe maoni yake. Jopo liamue kwa vigezo vilivyotangazwa tu, na taarifa yake itiwe sahihi na waamuzi.

Tuangalie vema, ndugu zetu: jina hufichwa, lakini vigezo hutangazwa na sababu huandikwa. Siri inayomlinda asiye na mtu ni haki. Siri inayomlinda mwamuzi asiulizwe ni mlango wa dhuluma.

Basi serikali au taasisi ya umma inapotangaza shindano katika eneo letu, hatuna budi kuuliza. Waamuzi ni akina nani? Vigezo vilitangazwa kabla ya michoro kupokelewa? Nani anatunza orodha ya namba na majina? Mshindi atapewa kazi yenyewe, au tuzo peke yake? Na michoro ya walioshindwa itatumiwa bila wao kulipwa? Kifungu cha 35 cha Katiba ya Kenya kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola. Tuandike barua, tutunze nakala, tufuatilie majibu.

Wapo vijana katika jumuiya zetu wenye kipaji cha kuchora na kubuni, ila hawana wa kuwashika mkono. Hawaombi kupendelewa. Wanaomba kazi yao itazamwe kabla ya jina lao, na jasho la akili yao liheshimiwe kama jasho la mkulima. Tusimame pamoja nao.