Karakana ya Seremala



Anayezindua uprofesa hueleza utafiti wake. Nami nitaueleza, lakini naomba nianze na mhadhara mwingine wa namna hii, uliotolewa Berlin mwaka 1922. Aliyesimama ni Lise Meitner, akizungumzia unururifu na mambo yanayotokea angani, huko kwenye nyota. Habari zilipochapishwa, fizikia ya anga iligeuka fizikia ya vipodozi. Kwa Kijerumani maneno hayo mawili yanakaribiana, ila naamini kwamba jina la mwanamume lingemfanya mhariri asome mara ya pili.

Meitner alizaliwa Vienna mwaka 1878. Shule ya msichana iliishia kwenye miaka 14, na vyuo vikuu vya Austria vilianza kupokea wanawake mwaka 1897. Masomo ambayo wavulana waliyapata kwa miaka minane, yeye aliyasoma kwa haraka kwa mwalimu wa nyumbani. Mwaka 1901 wasichana 14 walifanya mtihani wa kuingilia chuo. Walifaulu wanne, naye akiwamo. Akaangukia kwa Ludwig Boltzmann, mwalimu aliyemfanya aione fizikia kama kutafuta ukweli wa mwisho. Mwaka 1906 akapata shahada ya uzamivu.

Mwaka uliofuata akaenda Berlin. Mwanafizikia Max Planck alimuuliza anataka nini zaidi, maana shahada tayari anayo. Alitaka kuielewa fizikia. Akaungana na mkemia Otto Hahn, lakini taasisi waliyofanyia kazi haikuruhusu wanawake. Akapewa karakana ya zamani ya seremala, yenye mlango wake wa nje, kwa sharti asikanyage maabara za juu. Msalani alikwenda jengo jingine la jirani.

Humo ndimo walimopima miale ya beta. Chombo chao kilikuwa elektroskopu: kipande cha metali chembamba kuliko karatasi, kinachoinuka kikiwa na chaji na kushuka kadiri miale inavyoipitisha hewani. Unakitazama kwa lenzi, saa mkononi, unahesabu sekunde. Kazi ya subira hiyo! Baada ya miaka michache karakana yenyewe ilikuwa imechafuka kwa unururifu hata miale hafifu haikupimika tena. Walipohamia taasisi mpya ya Dahlem mwaka 1912, walikatazana hata kupeana mikono, wasije wakaichafua nayo.

Mpaka mwaka huo Meitner hakuwa na mshahara. Aliishi kwa msaada wa nyumbani kwao. Mshahara wa kwanza aliupata kwa Planck, kwa kusahihisha mazoezi ya wanafunzi. Hahn, mdogo wake kwa miezi minne, alipata ruhusa ya kufundisha chuo kikuu mwaka 1907. Meitner aliipata mwaka 1922. Miaka 15, wenzangu, kwa watu waliokuwa wakifanya kazi meza moja! Na mwaka 1933 Wanazi wakamnyang'anya ruhusa hiyo kwa sababu ya asili yake ya Kiyahudi.

Hapa mezani pana elektroskopu kama yao, waliyoitengeneza wanafunzi wa mwaka wa kwanza kwa chupa ya jemu na foili ya jikoni. Naomba mmoja wao aje mbele na saa, tuanze kuhesabu.