SANDUKU LA SABUFA: TUPIME NDANI, SI NJE

Mazungumzo yaliyotolewa kwa wahitimu wa kisomo, Chanika, Handeni



Baadhi yenu mlipoliona sanduku hili hapa mezani mlicheka. Mmoja akasema, "Sasa elimu ya watu wazima imeingia disko." Haidhuru. Kisomo chenye manufaa ni kile kinachomsaidia mtu katika kazi yake, na hapa Chanika wako vijana na akina mama wanaopata riziki kwa kukodisha muziki kwenye arusi na ngoma. Anayejua kusoma, kuandika na kuhesabu ataijua kazi hii vizuri zaidi ya asiyejua. Tutawaonyesha kwa nini, na tutaanza na kosa letu wenyewe.

Wazee waliomo humu wanaikumbuka kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973. Watu wapatao milioni mbili katika Tanzania walikaa katika vikundi, wakasikiliza vipindi vya redio na kujadiliana juu ya vyoo, maji na malaria. Kikundi kizima redio moja. Aliyekaa mbali alitega sikio. Basi haja ya sauti inayowafikia watu wote haikuanza na vijana wa leo.

Sasa kosa letu. Kikundi chetu kilikuwa na watu 14. Kila mmoja alitoa shilingi 10,000, zikawa 140,000. Fedha hizo zilitokana na mahindi. Tulinunua spika ya inchi 10 na mbao za mninga. Karatasi iliyokuja na spika ilisema sanduku liwe la lita 36. Tukapiga hesabu ubaoni: urefu wa kwenda juu sentimita 40, upana 30, kina 30. Arobaini mara thelathini mara thelathini ni 36,000. Gawanya kwa 1,000, maana lita moja ni sentimita za ujazo 1,000. Jibu ni lita 36. Tukajipigia vema.

Sanduku likajengwa. Likapendeza. Tukalipeleka arusini, na muziki ulipopigwa mdundo wa chini haukutoka. Sauti iligonga kama debe tupu, na pembeni palikuwa na mluzi. Wenye arusi walitaka warudishiwe nusu ya fedha yao, na walikuwa na haki. Kikundi nusura kivunjike. Wengine walisema fundi katudanganya, wengine wakasema muuza spika katudanganya.

Aliyetatua jambo hili ni mama mmoja wa kikundi ambaye siku zote alisema hesabu haimwingii kichwani. Aliifungua spika, akalilaza sanduku tundu likaangalia juu, kisha akaanza kulijaza mahindi kwa kopo la lita moja. Alihesabu kwa sauti. Kopo la 24 lilipoingia, sanduku likajaa. Akatuangalia. "Walimu, lita 12 zimekwenda wapi?"

Tulinyamaza. Zilikuwa zimeliwa na mbao. Sisi tulipima nje. Ubao una unene wa sentimita 2, na kila upande una mbao mbili zinazokabiliana. Kwa hiyo kila kipimo kinapungua sentimita 4. Ndani mlikuwa na 36 mara 26 mara 26, ambayo ni 24,336, yaani lita 24 na kidogo. Andikeni hesabu hii daftarini na mwirudie nyumbani, maana hata mafundi wa siku nyingi huikosea.

Kwa nini spika ihitaji sanduku? Chukua ungo, uupunge mbele na nyuma. Hewa inayosukumwa mbele inazunguka pembeni na kurudi nyuma ya ungo. Spika nayo ni hivyo hivyo. Karatasi yake ikienda mbele inasukuma hewa ya mbele, na wakati huo huo inavuta ile ya nyuma. Kwa sauti nyembamba hasara si kubwa. Kwa sauti nene, hewa ya mbele inakimbilia nyuma, na sauti hizo mbili zinauana. Sanduku linaizuia hewa ya nyuma isikutane na ya mbele. Kwa hiyo sanduku likivuja, kazi yote ni bure. Na likiwa dogo mno, hewa iliyofungiwa ndani inakuwa ngumu, inaizuia karatasi isicheze vizuri, na mdundo wa chini unapotea. Ndivyo ilivyokuwa kwetu.

Hapa wachonga ngoma hutushangaa. Wao hutafuta mti unaolia. Sisi tunataka sanduku lisilolia kabisa. Inayolia ni spika peke yake. Gonga ubavu wa sanduku kwa kifundo cha kidole. Likijibu kama ngoma, bado. Likijibu kama unagonga gogo, ndiyo. Ndiyo maana ubao mwembamba wa milimita 6 haufai hata ukipakwa rangi nzuri ya namna gani.

Tulipojenga mara ya pili tulitaka ndani pawe 40 mara 30 mara 30. Kwa mbao za sentimita 2, nje ikawa 44 mara 34 mara 34. Vipande ni sita. Cha mbele na cha nyuma kila kimoja ni 44 kwa 34. Vya ubavuni viwili, 44 kwa 30. Cha juu na cha chini, 30 kwa 30. Vya ubavuni vinakaa kati ya mbele na nyuma. Cha juu na cha chini vinakaa katikati ya vyote. Ukitumia plaiwudi ya milimita 18, ndani pasibadilike, badili nje. Ubao mzima wa plaiwudi wa futi 4 kwa futi 8 unatoa masanduku matatu kama hili ukiupanga vizuri kwanza kwa penseli. Vikundi viwili au vitatu vikishirikiana kununua, gharama inapungua.

Je, mninga au plaiwudi? Mninga ni mti mzuri, haupindi sana, na fundi seremala yeyote wa Handeni anaupenda. Lakini ubao wake mara nyingi hautoshi upana wa sentimita 34, lazima uunge mbao mbili. Sisi tuliunga mbao ambazo hazijakauka. Kiangazi kilipokuja zikaachana, na ule mluzi wa arusini ulitoka hapo. Tena mninga ununue kwa mtu mwenye kibali, akupe risiti. Kwa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, mbao zisizo na kibali zinaweza kukamatwa, na ukikuta sanduku lako kituoni usiseme hatukukwambia. Unapoupiga msasa funga kitambaa puani. Vumbi lake linawasha na huwasumbua wenye pumu. Kwa sanduku la kwanza sisi tungechagua plaiwudi.

Tundu la spika lichorwe kwa msumari na uzi. Pima spika yenyewe kwa nyuma, pale inapoingia, usipime ukingo wa nje. Nusu ya kipimo hicho ndiyo urefu wa uzi. Toboa kwa keekee, kisha kata taratibu kwa msumeno mwembamba. Tundu likizidi, hakuna dawa.

Kila kiungo kipake gundi ya mbao, kisha skrubu. Toboa kwanza njia ya skrubu ili ubao usipasuke. Futa gundi inayotoka nje, lakini ya ndani iache, ipitishe kidole izibe pembe zote. Weka kijiti kinene ndani, kitoke ubavu mmoja mpaka wa pili, kiwe kama mwamba wa nyumba. Kijiti na spika vinakula lita mbili hivi, si neno. Acha gundi ikauke usiku kucha. Vijana hapa ndipo wanapokosea, wanataka muziki jioni ile ile.

Ndani tulitia sufi. Haya ni mali yetu, haina haja ya kwenda mjini. Sufi inaipunguzia hewa ukali, na sanduku linafanya kazi kana kwamba limeongezeka kidogo. Lakini isiachwe huru, maana nyuzi zake zitaingia nyuma ya spika. Ifungeni katika mfuko wa kitambaa chepesi na muupigilie ukutani, mbali na spika. Kati ya spika na ubao tulikata tyubu chakavu ya baiskeli tukaitandaza duara. Inaziba hewa kuliko kitu chochote tulichokijaribu.

Kabla ya kukaza spika, tafuta alama ya kujumlisha na ya kutoa penye nyaya. Chukua betri moja ya tochi, ya volti 1.5. Gusisha upande wa kujumlisha wa betri kwenye kujumlisha ya spika, na kutoa kwenye kutoa, mara moja tu. Karatasi ikiruka mbele, alama ni sahihi. Ikirudi nyuma, zimegeuzwa. Spika mbili zikiunganishwa kinyume, moja inasukuma wakati nyingine inavuta, na mdundo unakufa.

Nyuma ya spika pia kuna tarakimu iliyofuatwa na alama kama chungu kilichopinduliwa chenye miguu miwili. Hiyo inasomwa "omu". Nyingi ni 4 au 8. Soma na ile iliyoandikwa kwenye amplifaya. Spika mbili za omu 4, ukiunganisha kujumlisha kwa kujumlisha na kutoa kwa kutoa, zinakuwa omu 2, na amplifaya isiyoandikwa omu 2 itapata moto na kuungua. Tunajua watu waliopoteza mashine kwa kutosoma tarakimu moja. Na unapounganisha nyaya, chomoa umeme kwanza, usizime swichi tu.

Jaribu uvujaji kabla ya kupaka vanishi, kwa sababu vanishi mbichi na moto ni maadui. Washa ubani, piga muziki kwa sauti ya kadiri, pitisha moshi kando ya viungo vyote. Pale moshi unaporuka pana tundu. Liziba kwa gundi iliyochanganywa na unga wa msumeno. Mchanganyiko huo huo ujaze vichwa vya skrubu.

Kupaka kunataka subira. Anza na msasa namba 80, kisha 120, kisha 240, ukifuata njia ya mti, usikate kwa mshazari. Futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Mkono wa kwanza wa vanishi uwe mwepesi. Ukikauka utahisi vinyweleo. Vipunguze kwa msasa wa 240, kisha paka mkono wa pili na wa tatu. Fanyeni kazi hii penye hewa, na watoto wakae mbali.

Jambo moja tunalisisitiza: pakeni na chini. Sanduku letu la kwanza vanishi yote iliishia mbele, kwa kuwa ndiko watu wanakoangalia. Chini palibaki mbao tupu juu ya sakafu ya udongo. Unyevu ukaingia, na mchwa wakafuata. Hili mnaloliona lina vanishi pande zote sita, na miguu minne ya mpira tuliyoikata kwenye tairi. Mbele tumeweka wavu wa chuma, kwa ajili ya vidole vya watoto na pembe za mbuzi.

Lilipigwa mara ya kwanza kwenye ngoma ya jirani. Yule mama wa mahindi alisimama nyuma kabisa ya watu, akaweka kiganja kifuani, akatikisa kichwa kukubali. Sasa yeye ndiye mpimaji wa kikundi, na fundi hakati ubao kabla daftari lake halijafunguliwa.

Hesabu ya nyumbani. Tunataka sanduku ambalo ndani lina urefu wa sentimita 50, upana 35 na kina 30. Mbao zina unene wa sentimita 2. Ni lita ngapi? Vipimo vya nje ni vipi? Andikeni vipande vyote sita. Alhamisi tutasahihisha pamoja. Njooni na penseli, futikamba, na mwenye kopo la lita moja alilete. Mahindi tutaleta sisi.