Mto Tana na Mipaka ya Kaunti

Maadamu Mto Tana, utokao Mlima Kenya na Nyandarua ukamwaga maji yake Bahari ya Hindi, hauitambui mipaka ya kaunti, si busara kila serikali ya kaunti kujitungia peke yake tadbiri za kukabili mabadiliko ya tabianchi. Mafuriko ya mwaka 2024, yaliyowahamisha watu wa Garissa na wa Tana River, yamedhihirisha taksiri ya kutenda hivyo. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 189, yaziruhusu kaunti kuunda kamati na mamlaka za pamoja. Basi magavana wa juu na wa chini ya mto na waketi baraza moja, wenye hazina iliyotengwa kwa kazi hiyo, ili habari za mvua za milimani ziwafikie wakulima wa Kipokomo, wakaao bonde la chini la mto, kabla ya maji yenyewe.