MALI BILA DAFTARI: MWANZO WA MAANDISHI NA SHERIA



Watu wengi wakisikia neno ustaarabu hufikiri majumba makubwa, mavazi mazuri na majeshi ya wafalme. Hayo ni matunda yake tu. Shina lake ni jingine. Nataka tulitazame shina hilo mahali lilipochipuka mapema sana, katika nchi iliyo kati ya mito miwili, Frati na Hidekeli, ambayo sasa ni nchi ya Iraki. Wasomaji wa Biblia waijua kwa jina la Shinari; na Uru, mji mmojawapo wa huko, watajwa kuwa ndiko alikotoka Ibrahimu.

Upande wa kusini wa nchi hiyo hauna mvua ya kutosha kilimo, wala mawe, wala miti mizuri ya kujengea. Una udongo na maji ya mito, basi. Tena maji hayo huja kwa wakati usiofaa: mito hufurika karibu na miezi ya Aprili na Mei, wakati ambapo shayiri imekwisha kukomaa na yataka kuvunwa. Kwa hiyo wenyeji wa zamani, yaani Wasumeri, walilazimika kujenga kingo na kuchimba mifereji. Kazi ya namna hiyo yahitaji watu wengi, na watu wengi wahitaji mpango, msimamizi na posho. Ndivyo ilivyotokea miji. Mkubwa kupita yote ulikuwa Uruk, ambao karibu na mwaka 3200 kabla ya Kristo (K.K.) ulikuwa na watu maelfu mengi. Katikati yake palikuwa na mahekalu ya miungu, na hekalu halikuwa mahali pa ibada tu. Lilikuwa pia ghala, karakana na mwajiri wa watu.

Sasa fikirini mtunza ghala. Shayiri yaingia, shayiri yatoka, kondoo wahesabiwa, wafanya kazi wangoja posho yao ya nafaka na pombe. Nani awezaye kuyaweka yote moyoni? Wazee wetu walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Wasumeri walichukua udongo mbichi, wakaufanya kibao kidogo, wakachora juu yake kwa kijiti cha tete: alama ya suke, alama ya kichwa cha ng'ombe, na vitone vya hesabu. Vibao vya kwanza kabisa havikuwa na nyimbo wala sifa za wafalme. Karibu vyote ni hesabu, na vichache vilivyosalia ni orodha za maneno za kuwafundishia waandishi. Baadaye picha ziligeuka kuwa alama zenye umbo la kabari, na alama zikaanza kuonyesha sauti za maneno. Hapo ndipo mtu alipoweza kuandika barua, sala na hadithi.

Lakini kila chombo kina makali pande mbili. Kibao hakisahau. Mkulima aliyekopa shayiri aliandikiwa deni lake, na katika siku za Babeli riba ya kawaida ilikuwa theluthi moja kwa nafaka, na sehemu moja katika tano kwa fedha. Mwaka mmoja wa mavuno mabaya ulitosha kumfanya mtu amtoe mkewe au mtoto wake kumtumikia mdai. Maandishi yaliyoilinda ghala yaliweza kuiangusha nyumba.

Kwa sababu hiyo twaona jambo la pili, nalo ni sheria iliyoandikwa. Hammurabi, mfalme wa Babeli, alitawala tangu mwaka 1792 hata 1750 K.K. kwa hesabu inayotumiwa na wengi. Sheria zake, kiasi cha 282, zilichongwa juu ya jiwe jeusi lenye urefu wa zaidi ya mita mbili, lililofukuliwa Susa, nchi ya Iran, mwaka 1901 na 1902. Leo liko Paris, katika jumba la Louvre. Juu yake mfalme amesimama mbele ya Shamash, mungu wa jua na wa haki.

Sheria moja yasema kwamba mwenye deni ambaye shamba lake limeharibiwa na gharika, au limekosa maji, hatalipa nafaka mwaka huo. Kibao cha deni kitaloweshwa maji, na riba ya mwaka huo haitadaiwa. Nyingine yasema kwamba mke au mtoto aliyetolewa kwa ajili ya deni atatumika miaka mitatu, na mwaka wa nne aachwe huru. Tena, mtu mvivu asiyetengeneza ukingo wake, maji yakaharibu mashamba ya wenziwe, atawalipa nafaka iliyopotea.

Tusidhani kwamba sheria hizo ziliwapima watu wote kwa mizani moja. Aliyempofusha muungwana alipofushwa yeye pia. Aliyempofusha mtu wa hali ya chini alilipa fedha. Na jicho la mtumwa lilikuwa na thamani ya nusu ya bei yake. Tena hukumu nyingi za zama hizo zilizosalia hazilitaji jiwe lile. Hata hivyo wazo lilikwisha kupandwa, kwamba mnyonge apaswa kuwa na mahali pa kusomewa haki yake.

Wazo hilo halikufa pamoja na Babeli. Katika Kitabu cha Kutoka, mtumwa wa Kiebrania aachwa huru mwaka wa saba. Kurani nayo yakataza riba, yaamuru deni liandikwe na mwandishi mwadilifu, na yataka mwenye shida apewe muhula. Dini hizi zina tofauti nyingi, lakini zote zililitazama deni la maskini kuwa jambo linalomhusu Mungu.

Basi, somo lililo kubwa ni hili. Maandishi humtumikia yule awezaye kuyasoma. Mtu atiaye kidole gumba chini ya hati asiyoifahamu hana tofauti na yule mkulima wa kale aliyekitazama kibao chake asijue kimeandikwa nini. Sheria nzuri ni ukingo wa mto, na ukingo usipotunzwa na kila mwenye shamba, siku moja maji huupita.