Chapati ya Mwisho

Hotuba ya mwanachama kutoka Igunga katika sherehe za kumbukumbu ya hekalu letu



Nimepewa nafasi ya kuzungumza juu ya utumishi kwa wazee. Huenda mlitarajia nitaje magunia ya mchele na mablanketi. Mniwie radhi, leo nitazungumza juu ya mbwa.

Katika nyumba nyingi za Kigujarati, chapati ya kwanza huwekwa kwa ajili ya ng'ombe, na ya mwisho kwa ajili ya mbwa. Marehemu mama yangu aliishika desturi hiyo pale Igunga hadi mwisho wa maisha yake. Mbwa wetu aliitwa Moti, maana yake lulu. Majirani walimwita Moto, naye akaitikia majina yote mawili. Alishiba, lakini mpaka wake ulikuwa kizingiti cha ua.

Baba yangu alipopatwa na kiharusi, ulimi wake ukawa mzito. Sisi wanawe tulimpa kila kitu isipokuwa muda, kwa maana duka lilitungoja. Moti akavuka kizingiti, akalala miguuni pake barazani. Neno la kwanza tulilolisikia kinywani mwa baba baada ya wiki nyingi lilikuwa jina la mbwa. Nami, kwa kuhofia uchafu na maneno ya wageni, niliamuru Moti afungwe nyuma ya ghala la pamba. Baba hakulalamika. Alinyamaza tena, na hakupata kusema mengi hadi alipofariki.

Kosa hilo lilinirudia nilipokwenda kugawa sukari na sabuni katika makazi ya wazee. Mzee mmoja wa Kisukuma, aliyechunga ng'ombe katika mbuga za Wembere tangu utoto, alipokea fungu lake, akashukuru, kisha akaniuliza: "Mwanangu, huwa unapita njia ya kwetu? Mbwa wangu nilimwacha huko. Sijui nani anampa ugali." Mzee yule hakuwa amepungukiwa akili. Mbwa huyo ndiye aliyekuwa wa mwisho kumngoja jioni.

Wenzetu ng'ambo wamelifanyia kazi jambo hili. Muuguzi wa Kimarekani, Elaine Smith, aliona huko Uingereza jinsi wagonjwa walivyochangamka kasisi alipowatembelea na mbwa wake. Aliporudi kwao, mwaka 1976, alianzisha Therapy Dogs International. Mbwa hupimwa upole wake kwanza, kisha yeye na mwenyewe huzuru hospitali na nyumba za wazee. Haleti dawa. Huweka kichwa juu ya goti la mgonjwa, na mkono uliokaa bure siku nzima hupata kazi ya kupapasa.

Wala si mambo ya Wazungu peke yao. Huko Gulu, kaskazini mwa Uganda, Francis Okello Oloya alipofushwa na bomu lililofukiwa ardhini akiwa na umri wa miaka 12. Akiwa shule ya bweni, mbwa wa pale ndio waliomsindikiza usiku kwenda msalani. Alipokua, alianzisha Comfort Dog Project, mradi unaowakutanisha manusura wa vita na mbwa waliokosa makao, ili kila mmoja amponye mwenzake.

Dini zetu hazikulinyamazia jambo hili. Katika Mahabharata, mfalme Yudhishthira alifika mlango wa mbinguni akiwa na mbwa tu, na alipoambiwa amwache, alikataa kuingia. Mbwa yule alikuwa Dharma mwenyewe. Na rafiki zangu Waislamu wa Tabora walinisimulia habari za mtu aliyeteka maji kisimani kwa kiatu chake, akamnywesha mbwa mwenye kiu, akasamehewa dhambi zake.

Najua pia kwamba wengi wenu, kwa sababu za tohara au za woga, hamtaki kuguswa na mbwa. Hilo ni haki yenu. Tena kichaa cha mbwa ni ugonjwa wa kweli: dalili zikishajitokeza, ni nadra sana mtu kupona. Kwa hiyo ombi langu lina masharti. Makazi kama ya Ipuli hapa Tabora na Kolandoto mkoani Shinyanga yamewapokea wazee wasio na wa kuwatunza. Tuwaombe wakuu wa makazi ya namna hiyo ruhusa ya kuwazuru mara moja kila mwezi tukiwa na mbwa mmoja mpole, aliyechanjwa kila mwaka, aliyefungwa kamba na kushikwa na mwenyewe. Asikaribie jiko wala mahali pa sala. Kila mzee aulizwe kwanza. Asiyemtaka mbwa, basi mmoja wetu aende aketi naye, asitazame saa.

Gharama za chanjo na usafiri nitazibeba mimi kwa mwaka wa kwanza. Fedha ninazo. Nisichoweza kukinunua ni watu wa kuketi. Baada ya chakula, daftari litakuwa mezani kwa Katibu, na jina langu limekwisha kuandikwa. Nawaomba mwandike na yenu.