Simu Isiwe Yaya: Nasaha kwa Wazazi wa Kata ya Mwamkulu



Msimu wa mpunga humtoa mzazi nyumbani alfajiri na kumrudisha jioni akiwa amechoka. Mtoto mdogo akilia, hupewa simu anyamaze. Kaka yake hukaa kwenye kibanda umiza akitazama filamu hadi usiku. Nyumba huonekana imetulia, kumbe utulivu huo hulipiwa kesho yake darasani, kwa kusinzia na kwa somo lisiloeleweka.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linashauri mtoto aliye chini ya miaka 2 asiwekwe mbele ya skrini, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku. Mwenye miaka 3 au 4 anahitaji usingizi wa saa 10 hadi 13.

Kumnyang'anya mtoto simu bila kumpa mbadala ni kuanzisha ugomvi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambulia haki ya kucheza na kupumzika. Basi apewe nafasi ya mpira, rede, bao na hadithi baada ya chakula. Muda wa kutazama upangwe na ujulikane na wote. Usiku simu zote zilale chumbani kwa wazazi. Mzazi naye aweke yake chini wakati wa kula, kwani mtoto hufuata aonacho kuliko aambiwacho.