Nani Atamshika Mkono?

 

Sauli alipofika Yerusalemu, nani alimkaribisha? Soma Matendo sura ya 9. Wanafunzi walimwogopa, hawakuamini kwamba ameokoka kweli. Siwalaumu, maana huyo ndiye aliyewaburuta watu hadi gerezani. Ni Barnaba aliyemchukua akampeleka kwa mitume, akamsemea.

Haya, kwetu je? Kaka ametoka jela, ameokoka, anakaa benchi la nyuma. Akitoa ushuhuda tunapiga makofi na vigelegele, halafu kila mtu anakumbatia mkoba wake. Mimi mwenyewe niliwahi kuusogeza wangu, naye akaniona. Hakusema kitu. Jumapili iliyofuata hakuja. Nilimtafuta wiki tatu, nikamkuta anabeba zege, nikamwomba msamaha palepale mbele ya mafundi.

Sisemi umkabidhi kesho ufunguo wa sanduku la sadaka, hapana, naye anahitaji kulindwa na majaribu. Lakini ameshakunywa chai kwako? Mtoto wako akiugua usiku, utamwita aje aombe?

Chakula cha mchana kiko tayari. Angalia nani amekaa peke yake, umfuate na sahani yako.